Nyuso Nane Ambazo Sikuzifumua

Wiki iliyopita binti mmoja wa Mombasa anayeshona Ghulail, Jeddah, alinitumia picha ya kitambaa cha hariri pamoja na ujumbe mfupi wa sauti. "Shikamoo mzee. Hawa Wachina kwenye kitambaa ni kina nani? Na nikitaka kuzitoa sura zao nianzie wapi, kwenye macho ama kwenye ndevu?"

Niliusikiliza mara mbili ili nihakikishe. Kisha nikamwandikia: usianze popote. Akajibu: "Sasa mteja nimwambie nini?"

Yeye si wa kwanza kuniuliza hivyo. Vijana wengi mlioko kwenye karakana za Jeddah na Riyadh mmeniuliza swali hilo hilo, kila mmoja kama vile ndiye aliyeligundua, na nimechoka kulijibu kwa kidole kimoja kwenye simu. Kwa hiyo nalijibu hapa mara moja, kwa urefu. Anayetaka jibu la mstari mmoja ameshalipata hapo juu.

Nilikuwa fundi wa tarizi kwa miaka ishirini na sita, kumi ya kwanza Balad, mji mkongwe wa Jeddah, iliyobaki Riyadh kwenye karakana moja iliyokuwa ndani ya ghala huko Al-Sulay. Niliacha nikiwa na miaka hamsini na saba kwa sababu ya macho. Shule yangu iliishia darasa la saba, Tanga. Yote ninayoyajua kuhusu hariri ya Kichina nimeyapata kwa mzee mmoja, kwa madaftari tisa niliyoyajaza mwenyewe, na kwa makosa yangu. Naanza na makosa, maana hayo ndiyo ninayoyakumbuka vizuri zaidi.

Mimi nilikwenda Jeddah kutarizi majoho. Aliyewahi kumtazama bwana harusi wa pwani anajua joho ni nini: vazi la juu lenye zari shingoni na kifuani. Zari ya joho ina madini ndani yake. Ukishailaza na kuishikiza, unaipiga kwa nyundo ndogo ili ilale na ing'ae, na fundi asiyejua kupiga nyundo si fundi wa majoho. Mimi nilijua. Nilisifiwa kwa hilo.

Mwezi wangu wa tano kazini kililetwa kitambaa cha Kichina, kile kinachoning'inizwa mbele ya meza ya sadaka kwenye mahekalu yao ya dini ya Kidao. Zari yake ilikuwa imeachia sehemu kadhaa. Msimamizi akaniambia, "Zari ni zari, wewe irudishe." Nikairudisha vizuri kabisa, mshono juu ya mshono. Kisha nikachukua nyundo. Nilipiga kama nilivyofundishwa, kutoka kulia kwenda kushoto, mapigo mafupi, bila haraka. Nilipomaliza nikainua nyundo kuitazama, nikaona dhahabu imehamia kwenye nyundo.

Zari ya Kichina ya zamani, vijana, ni karatasi. Wanabandika dhahabu nyembamba mno juu ya karatasi, wanaikata vipande vyembamba kama unywele, kisha wanavizungusha kwenye uzi. Usiipige. Usiiloweshe. Usiipige pasi. Kila mwaka nawaambia haya, na kila mwaka kuna mtu ananitumia picha ya pasi.

Mbele ya karakana yetu palikuwa na duka la Amm Yunus. Babu yake alikuwa Mwislamu wa China aliyekuja kuhiji, akabaki, na wao wakazaliwa Balad, wakisema Kiarabu cha Hijazi kama watu wengine wa mtaa. Yeye alitengeneza kofia na nguo za hariri. Nilimpelekea kile kitambaa nikiwa nimekikunja kama mtu anayeficha mtoto mgonjwa.

Hakucheka wala hakunifokea. Aliuliza, "Umepiga mara ngapi?"

"Sikuhesabu, ammi."

"Alama zinaonekana. Kahesabu, uniletee idadi kesho."

Nilihesabu kwa kioo cha kukuzia. Alama sitini na tatu. Nilipompelekea, akaniambia, "Mtu aliyekaa akahesabu sitini na tatu hatapiga ya sitini na nne. Kaa chini." Ndivyo nilivyoanza kusoma, saa tisa baada ya sala hadi maduka yafunguliwe tena, kwa miaka saba.

Alichonifundisha kwanza ni kutotazama sura. "Nyinyi mnasema Wachina wote sura moja," akaniambia. "Bibi yangu naye alisema nyinyi wote sura moja. Achana na sura. Tazama mkono umeshika nini."

Haya, tazameni mikono. Kundi mtakaloliona mara nyingi zaidi ni la watu wanane ambao kwa wafuasi wa Kidao walishinda kifo, wakawa miungu. Wapo saba wanaume na mwanamke mmoja, ingawa kijana mwenye kikapu cha maua huwa wanabishana kama ni mwanamume au mwanamke, na hata Amm Yunus alikataa kuamua. Li wa Gongo la Chuma ni kilema mwenye nguo za ombaomba, ana kibuyu cha dawa, na hadithi yake ni kwamba roho yake ilisafiri, ikarudi ikakuta mwili wake umeshachomwa, ikaingia kwenye maiti ya ombaomba iliyokuwa karibu. Mnene mwenye tumbo wazi ana upepeo. Mwenye upanga mgongoni ni msomi. Mwanamke ameshika yungiyungi. Yupo wa filimbi, na yupo aliyevaa kama mtu wa ikulu, mkononi ana vibao viwili vya kugonganisha. Wa mwisho ni mzee anayempanda punda kinyumenyume, na amebeba mwanzi mnene unaopigwa kama ngoma, wenye fimbo mbili.

Hao ndio wanane. Si Buddha. Nimesema si Buddha. Kuna programu za simu mnazielekezea kitambaa, zinawaambia "Buddha", nanyi mnamwambia mteja "Buddha", mteja naye anamwambia jirani. Siku moja Riyadh, mwenzangu kazini, Nekesa, Mkenya aliyekuwa akipokea wateja mbele, alikuja na simu yake kwenye meza yangu.

"Mzee Hamisi, hii simu inasema huyu ni malkia wa mazimwi."

"Ana nini mkononi?"

"Kibuyu."

"Na mguu?"

"Mmoja umepinda. Aki, huyu ni mwanaume, ana ndevu."

"Basi malkia wako ana ndevu. Iambie simu."

Pia mtakutana na Nyota ya Umri Mrefu, yule mzee mwenye paji la uso kubwa kupita kiasi, ana tunda la pichi na pembeni yake yupo korongo. Paji hilo ni la makusudi. Mteja mmoja alituomba tulipunguze kwa sababu alidhani fundi alikosea vipimo. Msimamizi akamkubalia. Nilitumia asubuhi nzima kuwazuia watu wawili wazima wasimpasue mungu wa watu kichwa.

Mimi nami sikuwa mwerevu. Mwaka wangu wa tatu nililetewa pazia ambalo panya alikuwa amekula kipande. Palibaki mwanzi mnene, na juu yake ncha mbili za fimbo. Nikaona dhahiri kuwa hilo ni podo la mishale. Nikatia fimbo zile manyoya, mazuri sana, kwa uzi wa rangi mbili. Amm Yunus alikuja, akatazama kwa muda mrefu.

"Mzee wa watu alikuwa na ngoma," akasema. "Wewe umempeleka vitani."

Nikafumua manyoya. Hapo ndipo nilipojifunza kanuni ambayo nawaomba muishike hata kama mtasahau mengine yote: kilicholiwa kimeliwa. Weka kitambaa cha rangi inayofanana nyuma ya tundu, shikiza, basi. Usibuni.

Na siku hiyo hiyo, ili kunionyesha ngoma halisi, Amm Yunus alitoa sandukuni mto wa bibi yake. Juu yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Palikuwa na kibuyu, upepeo, upanga, yungiyungi, kikapu, filimbi, vibao na mwanzi, kila kimoja kimefungwa utepe. Akaeleza kwamba hao ni wanane walewale, waliofichwa. Wachina wenyewe walikuwa na desturi hiyo: unatarizi kifaa, mwenye kifaa anaachwa. Anayejua anajua, asiyejua anaona maua na ala za muziki. Bibi yake, Mwislamu, aliulalia mto huo maisha yake yote. Nikachora vifaa vyote vinane kwenye daftari la pili.

Sasa nifike Riyadh.

Bosi wangu huko aliitwa Abu Rakan. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na kwenye hariri haraka ni mbaya kuliko panya. Alijua kusema neno moja kwa kila mteja, "mafi mushkila", hakuna tatizo, na tatizo likaja kwenye meza yangu.

Mteja mmoja, mjane aliyeitwa Umm Lina, alileta pazia la atlasi nyekundu, urefu wa mikono mitatu hivi, lenye wale wanane wamesimama juu ya mawingu. Marehemu mumewe alilinunua safarini walipokuwa bado vijana, na kwa miaka yote lilining'inia kwenye chumba chake cha kusomea. Binti yake Lina alikuwa anaolewa, naye alitaka kumpa. Bwana harusi alikuwa amesema, kwa adabu, kwamba nyumbani kwake hatatundika sura za watu, seuze za miungu. Abu Rakan akamwambia mafi mushkila, tutaondoa nyuso.

Sikilizeni vizuri hapa. Mwenye nyumba ana haki ya kukataa picha ukutani kwake. Mimi mwenyewe kwangu situndiki. Sikuwa na ugomvi na yule kijana hata kidogo. Ugomvi wangu ulikuwa na mkasi. Ukiifumua sura iliyotariziwa, sura haiondoki. Chini ya nyuzi kuna mchoro wa wino aliouchora fundi kabla ya kuanza. Ukiondoa nyuzi unabaki na mchoro huo, macho na pua, pamoja na matundu ya sindano yaliyouzunguka, ambayo kwenye atlasi hayafungi. Unaanza na mtu, unaishia na mzuka. Nilishaona kazi ya namna hiyo iliyofanywa na wengine. Wenye mali waliitupa ndani ya mwaka.

Nikamweleza Abu Rakan hivyohivyo.

"Ya Hamisi, nimeshamwahidi. Harusi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Fumua, halas."

"Nifumue, halafu akiona matundu?"

"Utayaziba."

"Hayazibiki."

"Wewe ni fundi au kadhi? Kama hutaki, gundi ipo. Bandika kitambaa juu yake."

Nikamwambia gundi ni mbaya kuliko mkasi. Akaniambia basi nichague mkasi. Kisha akanikumbusha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa inaisha mwezi ule na kwamba yeye ndiye kafili, mdhamini wangu. Hakuwa anatishia. Alikuwa anataja mambo mawili kwa pamoja, basi.

Nikarudi mezani. Nililitandaza pazia nikalikagua inchi kwa inchi, kama ninavyokagua kila kitu. Nyuzi nyeusi za nywele na kofia zilikuwa zimeoza, jambo la kawaida, kwa sababu rangi nyeusi ya zamani hula hariri. Nyuso zenyewe zilikuwa nzima. Sura ya mzee wa punda ilikuwa na mikunjo mitano kila upande wa macho, kila mkunjo mshono mmoja. Mshono mmoja, vijana. Mtu aliyafanya hayo bila taa mnazowasha nyinyi.

Nikafungua daftari la pili.

Wazo lilikuwa rahisi, na nilikasirika kwamba halikunijia miaka kumi kabla. Ningetengeneza vifuniko vinane vya atlasi nyekundu ileile, kila kimoja kikubwa cha kutosha kumfunika mtu mzima, na juu ya kila kifuniko ningetarizi kifaa cha aliye chini yake. Kibuyu juu ya kilema, yungiyungi juu ya mwanamke. Pembeni mwa kila mtu ningepitisha ukanda mwembamba wa shashi, ukishikizwa kwenye matundu ya zamani ya mshono wa pindo na wa mawingu, bila kutoboa tundu jipya. Kifuniko kingepigwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwenye ukanda huo, si kwenye hariri. Mtu akitaka kufungua, anakata bandi, anavuta uzi, na pazia liko kama lilivyokuwa.

Nilitengeneza kimoja, cha yungiyungi, kwa siku mbili. Kilichobaki ni kumwonyesha mwenye mali, na Abu Rakan alikuwa na sheria kwamba mteja haongei na fundi. Nikamwendea Nekesa.

"Nataka Umm Lina aje mwenyewe kabla sijashika mkasi."

"Bosi akijua atanipigia kelele mimi, si wewe."

"Mwambie kuna swali la rangi ya uzi."

"Kuna swali la rangi ya uzi?"

"Lipo. Nitaliuliza."

Umm Lina alikuja kesho yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, haongei sana. Abu Rakan alitoka ofisini haraka, akanipita karibu, akasema chini chini, "Akiuliza hawa ni nani, sema ni wazee wa hekima." Nilimwelewa. Mteja akisikia neno miungu angeweza kulitupa pazia zima siku hiyohiyo, na kazi ingetupotea.

Nikaliuliza swali langu la rangi. Akajibu. Kisha akainama juu ya pazia.

"Fundi, hawa ni nani?"

Abu Rakan alikuwa nyuma yake, ananitazama. Nilifikiria ikama. Nilifikiria pia kwamba mtu anayempa binti yake kitu ana haki ya kujua anampa nini.

"Madam, kwa wenyewe hawa ni miungu. Wanane. Kwangu mimi ni kazi ya mkono wa mtu."

Abu Rakan akatazama dari. Umm Lina alisogea mwanzo wa pazia. Alitazama wa kwanza, akaenda kwa wa pili, mpaka akafika kwa yule mzee wa punda.

"Mume wangu alikuwa akimwita huyu Hajji," akasema. "Kwa sababu amekaa kinyumenyume. Alisema huyu ameshafika alikokuwa anakwenda, sasa anatazama nyuma." Akasukuma miwani juu ya pua. "Sikujua kama ni mungu. Sidhani kama na yeye alijua."

"Nikizifumua nyuso, madam, hazitarudi. Nikizifunika, ni uamuzi wako na wa bintiyo, leo na baadaye." Nikamwekea kifuniko cha yungiyungi mahali pake, nikakipiga bandi mbele yake, nikakata uzi, nikauvuta. Nikampa kioo cha kukuzia atafute tundu. Alitafuta kwa makini kuliko nilivyotegemea. Hakuliona.

"Funika," akasema. "Usikate kitu."

Abu Rakan akasema mara moja kwamba hiyo ndiyo huduma mpya ya karakana yetu. Mwezi ule ikama ilitoka bila maneno. Vifuniko saba vilivyobaki nilivifanya kwa siku nane, nikikosea kimoja tu: kwenye kifuniko cha mzee wa punda, fimbo moja ilitoka ndefu kuliko mwenzake. Niliifumua nikarudia.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia hapo, na hili ndilo lililonichosha kuliko mengine yote.

Miezi minne baada ya harusi nikapigiwa simu. Bwana harusi alikuwa amesikia habari za Hajji aliye chini ya mwanzi na alitaka kumwona, mara moja tu, kisha afunikwe. Nikaenda, nikakata bandi, nikavuta uzi. Akatazama, akauliza maswali mengi mazuri, nikafunika. Mwezi uliofuata walikuja shangazi za Lina, nao walitaka kuona wote wanane. Nikafungua wote. Kesho yake alikuwa anakuja baba yake bwana harusi. Nikafunga wote. Kisha rafiki wa marehemu kutoka Jeddah. Kisha shangazi mwingine ambaye hakuwepo mara ya kwanza. Nimeandika kwenye daftari la tisa: mara kumi na moja nilikwenda nyumba ile na sindano. Pazia ambalo halikutakiwa kuonekana ndilo lililoonekana kuliko yote niliyowahi kushika, na kila mara nilikuwa nimepiga magoti juu ya zulia la watu huku chai inapoa.

Mara ya kumi na moja sikuweza kupenyeza uzi kwenye sindano. Nilijaribu karibu na dirisha, nikajaribu kwa kioo. Umm Lina, ambaye siku hiyo alikuwepo, alinitazama mpaka nilipoacha kujaribu.

"Lete," akasema.

Akapenyeza uzi. Kisha hakunirudishia sindano. Akasema nimwonyeshe wapi pa kupita na wapi si pa kupita, naye atavifunga vifuniko mwenyewe, maana hawezi kunisumbua kila shangazi anapokuja.

Nilimwonyesha ukanda wa shashi. Nikamwambia sindano iingie hapa tu, isiguse hariri hata kwa bahati mbaya, hata kama mkono umechoka. Alikaa chini, akavua miwani moja akavaa nyingine, akaanza na mzee wa punda. Alijichoma kidole mara mbili. Mara zote mbili alivuta mkono pembeni kwanza, mbali na kitambaa, ndipo akautazama. Hilo halifundishiki.

Ilimchukua muda mrefu kumfunika mmoja kuliko mimi kuwafunika wanne. Alipomaliza nilichukua kioo, nikamkagua mshono kwa mshono kwa macho yangu yaliyobaki. Bandi zilikuwa ndefu, zimepinda, moja imeenda juu nyingine chini, lakini kila moja ilikuwa imepita kwenye shashi. Kwenye hariri hapakuwa na tundu jipya hata moja.

Nikamwambia bandi zake ni mbaya.

"Najua," akasema, na akaanza wa pili.